Unyamwezi Bila Mirambo: Dhanio la Kihistoria Kuhusu Kiongozi, Njia ya Misafara na Dola ya Urambo, 1857–1893

Ikisiri

Insha hii inachunguza nafasi ya Mtemi Mirambo wa Urambo katika historia ya magharibi mwa Tanzania kwa kutumia dhanio: historia hiyo ingekuwaje iwapo Mirambo asingekuwapo? Badala ya kubuni matukio, insha inalinganisha mambo matatu: Unyamwezi wa kabla yake, watawala wa rika lake waliokabiliwa na mazingira yanayofanana na yake, na hali iliyofuata kifo chake mwezi Desemba 1884. Hoja inayojengwa ni kuwa vita vya kugombea njia ya misafara vingetokea hata bila yeye. Kwamba kuhama kwa nguvu kutoka Tabora kwenda magharibi kulimhitaji yeye. Na kwamba kikomo cha ukubwa wake kinaonekana katika kutoacha muundo wa utawala ambao ungeweza kudumu baada yake.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Urambo, iliyo magharibi ya mji wa Tabora, ina jina linalofungamana na mtu mmoja. Nchi iliitwa Urambo kwa sababu ilikuwa nchi ya Mirambo, na jina Mirambo lenyewe halikuwa jina la kuzaliwa. Mtoto wa Mtemi Kasanda wa Uyowa alizaliwa yapata mwaka 1840 na kuitwa Mbula Mtelya. Mirambo lilikuwa jina la vitani, ambalo kwa Kinyamwezi huelezwa kuwa na maana ya maiti nyingi. Kwa hiyo anayeuliza Unyamwezi ungekuwaje bila Mirambo anakabiliwa na ugumu tangu hatua ya kwanza: hata jina la mahali anapopazungumzia lisingekuwapo.

Swali la namna hii lina historia yake katika taaluma. E. H. Carr, katika mihadhara yake ya mwaka 1961, aliliona kuwa ni mchezo wa barazani usiomfaa mwanahistoria, kwa kuwa kazi ya mwanahistoria ni kueleza lililotokea. Kabla yake, Max Weber alikuwa amesema kinyume: kila anayedai kuwa jambo fulani lilisababisha jingine tayari amekwisha kukisia, hata kama hasemi, mambo yangekwendaje iwapo jambo hilo la kwanza lingekosekana. Insha hii inaegemea upande wa Weber. Kusema kuwa Mirambo alibadili historia ya magharibi mwa Tanzania, kama vitabu vingi vinavyosema, ni kudai kuwa bila yeye historia hiyo ingekuwa tofauti. Dai hilo linastahili kupimwa.

Ili dhanio lisigeuke hadithi, masharti matatu yanafuatwa. Kwanza, kinachoondolewa ni kitu kimoja tu, yaani mtu mwenyewe. Biashara ya pembe za ndovu, magobori, Watuta na msimu wa misafara vinabaki vilevile. Pili, uwezekano unaokubalika ni ule uliokuwa mbele ya watu wa wakati ule, si ule unaoonekana na watu wa leo wanaojua mwisho wa mambo. Tatu, ushahidi mkuu ni jirani: pale ambapo mtawala mwingine alikuwa na mazingira yaleyale, matendo yake yanaonyesha lipi lilikuwa la wakati na lipi lilikuwa la mtu.

2.0 Unyamwezi Kabla ya Mirambo

Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakiishi katika tembe zao ndani ya nchi ya Unyanyembe, chini ya Mtemi Fundikira. Tabora ilikuwa njia panda. Kutoka huko, njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na ile iliyotoka mashariki ilishuka hadi Bagamoyo. Bidhaa za pwani zilikuwa nguo, shanga, nyaya za shaba, magobori na baruti. Zilizoshuka zilikuwa pembe za ndovu na watu waliotekwa.

Wanyamwezi hawakuwa watazamaji katika biashara hiyo. Wao wenyewe ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo, na misafara yao ilikuwa imekwisha kufika pwani kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga tembe bara. Kijana wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo hadi Bagamoyo alirudi na nguo, na aghalabu na ujuzi wa bunduki na wa bei. Hata hivyo hapakuwa na dola moja ya Kinyamwezi. Palikuwa na mitemi wengi, kila mmoja na eneo lake, wanangwa wake na mizimu ya ukoo wake. Mtemi alipokea hongo kwa misafara iliyopita katika nchi yake, alipokea pembe ya ndovu aliyefia katika ardhi yake, na aliwajibika kwa mvua na kwa afya ya nchi.

Mabadiliko mawili yalikwisha kuutikisa mpango huo kabla Mirambo hajajulikana. La kwanza lilikuwa ujio wa Watuta, tawi la Wangoni waliosambaa baada ya kifo cha Zwangendaba katika miaka ya 1840. Walileta mbinu za kivita zenye nidhamu na mtindo wa kuwaingiza mateka vijana katika jeshi lao. La pili lilikuwa wingi wa magobori, uliowawezesha vijana wasio na ardhi wala ukoo wenye nguvu kuishi kwa kufuata kiongozi wa vita. Vijana hao ndio walioitwa rugaruga. Mtemi wa kale alihitaji uhalali wa ukoo. Mwenye rugaruga alihitaji nyara za kuwagawia. Mirambo alipoushika utemi wa Uyowa, karibu na mwisho wa miaka ya 1850, silaha ya kumfanya awe alivyokuja kuwa ilikwisha kufuliwa na wengine.

3.0 Lisilomhitaji Mirambo

Vita vya kugombea njia havikuanzishwa na Mirambo. Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sele alijaribu kuwatoza kodi wafanyabiashara wa Tabora. Wafanyabiashara walimwondoa kwa silaha na kumweka Mkasiwa mahali pake. Speke, aliyepita tena Tabora mwaka 1861, aliikuta vita hiyo ikiendelea, na Mnywa Sele aliendelea kupigana hadi alipouawa mwaka 1865. Sababu ya vita hii ndiyo ileile iliyokuja kumpiganisha Mirambo: ni nani mwenye haki ya kutoza mali inayopita katika nchi? Swali hilo lilizaliwa na biashara yenyewe, na lingeendelea kuulizwa na mtemi yeyote aliyekaa kando ya njia.

Wengine nao waliliuliza kwa namna zao. Nyungu ya Mawe, aliyetoka katika ukoo wa watawala wa Unyanyembe, aliondoka baada ya kushindwa kwa Mnywa Sele, akakusanya rugaruga na kuiteka Ukimbu, kusini mashariki ya Tabora, makao yake yakiwa Kiwele. Msiri, aliyetoka Usumbwa, alikwenda mbali zaidi: alivuka hadi Katanga na kujenga dola ya Garanganze yenye makao Bunkeya, akiwa na wafuasi walioitwa Bayeke, hadi alipouawa na Wabelgiji mwezi Desemba 1891. Isike, aliyemrithi Mkasiwa katika Unyanyembe mwaka 1876, aliingia madarakani kwa kukubaliwa na wafanyabiashara lakini akaja kugombana nao na baadaye na Wajerumani.

Watu wanne, Mnywa Sele, Nyungu, Msiri na Isike, walitoka katika ulimwengu mmoja, walitumia aina moja ya silaha na walitafuta kitu kimoja. Hili linatosha kuonyesha kuwa iwapo Mirambo asingezaliwa, Unyamwezi usingebaki katika utulivu wa mitemi wadogo wa zamani. Wanaoeleza karne hiyo kana kwamba mtu mmoja ndiye aliyeiwasha moto wanaikosea historia na wanamkosea hata Mirambo mwenyewe. Moto ulikuwapo, yeye alikuwa miongoni mwa waliojua kuutumia.

4.0 Lililomhitaji Mirambo

Hata hivyo, si kila lililotokea lingetokea bila yeye. Jambo la kwanza ni mahali. Mnywa Sele alipigana akiwa amekaa katikati ya tembe za wafanyabiashara. Kila alipoondoka nyumbani, kiti chake kilikaliwa na mwingine. Mirambo alianzia Uyowa, nchi ndogo kaskazini magharibi ya Tabora, nje ya macho ya wafanyabiashara lakini karibu na njia ya Ujiji. Aliiunganisha Uyowa na Ulyankulu, akajenga makao yake Iselamagazi, na kwa kufanya hivyo akapata nafasi ya kuifinya njia bila kulazimika kuuteka mji. Hakuna mtemi mwingine wa upande huo aliyefikiri hivyo kabla yake, au aliyefikiri na kuweza.

Matokeo yalionekana mwaka 1871. Mirambo alidai hongo, na baadaye akaifunga njia. Mwezi Agosti mwaka huo wafanyabiashara wa Tabora, wakiwa pamoja na Henry Morton Stanley na watu wake, walishambulia ngome zake. Zimbizo ilitekwa. Kikosi cha Soud bin Sayd kikaingia Ulyankulu na kuchukua nyara nyingi, lakini kilipokuwa kikirudi na mizigo kilivamiwa njiani na Soud akauawa. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, Khamis bin Abdullah akauawa, na sehemu ya mji ikateketezwa kwa moto. Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alilazimika mwezi Septemba kuiacha njia ya kawaida na kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo ili afike Ujiji. Vita viliendelea kwa vipindi hadi katikati ya miaka ya 1870, na askari waliotumwa na Sultani Barghash kutoka Zanzibar hawakuweza kumwondoa.

Jambo la pili ni uteuzi wake wa marafiki. Alifanya mapatano na Watuta, ambao mitemi wengine waliwaogopa na kuwakimbia. Mwezi Aprili 1876 alichanjiana damu na Stanley, mtu yuleyule aliyempiga vita miaka mitano kabla, na Stanley akamlinganisha na Napoleon Bonaparte. Mwaka 1879 alimpokea Daktari Ebenezer Southon wa Jumuiya ya Wamisionari ya London, aliyeishi Urambo hadi kifo chake mwaka 1882. Alifanya mawasiliano na John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, akitafuta njia ya kufika pwani isiyopitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Tabora. Hata Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wakubwa wa Tabora na aliyeoa katika nyumba ya Fundikira, alipatana naye mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Siasa hii haikuwa ya lazima kutokana na mazingira. Nyungu hakuifanya, alijifungia Kiwele na kuwatoza wapitao. Isike alibanwa kati ya wafanyabiashara na Urambo. Mirambo peke yake alielewa kuwa mgeni mmoja anaweza kutumiwa dhidi ya mgeni mwingine. Ni kweli pia kuwa siasa hiyo ilikuwa na ufa. Mwezi Juni 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa Pimbwe katika shambulio la majeshi yake na ya washirika wake. Urafiki wa Kirk ulipoa, na Mirambo hakuupata tena. Tukio hilo linafundisha jambo muhimu kwa dhanio: kiongozi aliyejenga uhusiano wa mbali kwa akili yake mwenyewe hakuwa na njia ya kuwaongoza kwa akili hiyo wale waliopigana kwa jina lake umbali wa siku nyingi za mwendo.

5.0 Desemba 1884: Dhanio Lililotimia

Kwa kawaida mwanahistoria hawezi kumwondoa mtu katika historia ili aone kitakachotokea. Katika habari za Urambo, kifo kilifanya kazi hiyo. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884 baada ya kuugua, akiwa hajafika umri wa uzee. Kuanzia siku hiyo, Unyamwezi bila Mirambo haukuwa tena jambo la kukisia.

Mrithi wake alikuwa ndugu yake, Mpandoshalo. Alipokea jeshi, jina na maadui. Hakupokea utawala, kwa maana ya mpango wa watu na majukumu unaoendelea bila kumtegemea aliye juu. Mirambo alipoteka nchi, mara nyingi alimwacha mtemi aliyekubali kutii au alimweka mtu mwingine wa ukoo uleule, akidai ushuru na vijana wa vita. Kilichoziunganisha nchi hizo ni hakika kwamba asiyetii angemwona Mirambo mwenyewe akija, tena upesi kuliko alivyotazamia. Ushuru ulifuata hofu, na hofu ilifuata mwendo wa mtu mmoja. Mwendo uliposimama, mitemi walianza kujitenga mmoja baada ya mwingine, na marafiki wa kale wakageuka kuwa wapinzani. Mpandoshalo alifariki mwaka 1890, na wakati huo Urambo ilikuwa imekwisha kurudi kuwa utemi mmoja kati ya mingi.

Ingewezekana kusema kuwa hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya dola zote za rugaruga: huzaliwa na mtu na hufa na mtu. Lakini jirani anakanusha. Nyungu ya Mawe alifariki mwezi uleule wa Desemba 1884. Dola yake haikuvunjika. Alirithiwa na mwanamke wa ukoo wake, Mgalula, aliyetawala hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ni Wajerumani waliokuja kuivunja dola hiyo, si waasi wa ndani. Aylward Shorter, aliyekusanya simulizi za Wakimbu, ameonyesha sababu. Nyungu hakuwaacha watemi wa kale wakiwa ndio kiungo pekee kati yake na nchi. Juu yao aliweka watwale, maofisa wake mwenyewe, kila mmoja akisimamia nchi kadhaa, akikusanya pembe za ndovu na kuzipeleka Kiwele. Mtwale alikuwa na sababu ya kutaka dola iendelee hata kama aliyeianzisha hayupo, kwa kuwa bila dola yeye mwenyewe hakuwa kitu.

Ulinganisho huu ndio kiini cha insha. Watu wawili, silaha moja, zama moja, mwezi mmoja wa kifo. Dola moja ikavunjika na nyingine ikadumu. Mazingira hayawezi kueleza tofauti hiyo, kwa sababu mazingira yalikuwa mamoja. Kinachoeleza ni uamuzi wa viongozi wenyewe kuhusu namna ya kutawala walichokiteka. Kwa hiyo jibu la swali kama kiongozi ana uzito katika historia ni ndiyo, lakini uzito huo haupatikani mahali unapotafutwa kwa kawaida. Umaarufu wa Mirambo ulitokana na vita vya 1871. Uzito wake katika historia ulipimwa mwaka 1885 na miaka iliyofuata, pale ambapo Urambo ilimhitaji na hakuwapo.

6.0 Mipaka ya Dhanio: Ukoloni wa Kijerumani

Kuna dhanio jingine ambalo husikika mara kwa mara: kwamba kama Mirambo angeishi miaka kumi zaidi, Wajerumani wasingeitwaa Tabora. Tarehe zenyewe zinavutia fikra hiyo. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884. Tarehe 29 Novemba, Carl Peters alipata alama ya Mangungu wa Msovero kwenye karatasi aliyoiita mkataba. Siku tatu baadaye Mirambo alifariki. Ni rahisi kuuona mfuatano huo kana kwamba mlango ulifunguliwa na mlinzi akaondoka.

Ushahidi hauungi mkono fikra hiyo. Mipaka ya maeneo ya Uingereza na Ujerumani ilijadiliwa Ulaya, katika mapatano ya mwaka 1886 na ya tarehe 1 Julai 1890, bila kujali ni nani mwenye nguvu kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika. Urafiki wa Mirambo na Waingereza, hata kama usingepoa mwaka 1880, usingebadili mstari uliochorwa kwa hesabu za Ulaya. Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora mwaka 1890. Isike alipinga akiwa ndani ya boma imara, na mwezi Januari 1893, kikosi cha Tom von Prince kilipoingia, alijilipua kwa baruti. Wajerumani wakamweka Nyaso kuwa mtawala wa Unyanyembe. Mkwawa wa Uhehe, aliyekuwa na dola iliyokazwa kuliko ya Urambo, alikishinda kikosi kimoja cha Wajerumani mwaka 1891, lakini mwaka 1898 alijiua ili asikamatwe. Mirambo mzee wa miaka hamsini na zaidi angeweza kuchelewesha jambo. Hakuna sababu nzuri ya kuamini kuwa angelizuia.

Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kidogo zaidi, lakini kina maana. Wajerumani walipofika Unyamwezi walikuta mitemi waliogawanyika, kila mmoja akiwa na deni la damu na jirani yake, na walitumia mgawanyiko huo. Uadui kati ya Urambo na Unyanyembe, ambao Mirambo aliukuza kwa miaka kumi na mitatu bila kuutafutia suluhu ya kudumu, ulikuwa sehemu ya mgawanyiko huo. Hivyo bila Mirambo Isike huenda angewakabili wageni akiwa na adui mmoja mdogo. Shujaa wa upinzani wa mwaka 1871 anakuwa, kwa kipimo hiki, miongoni mwa sababu za udhaifu wa mwaka 1893. Hukumu hii ni nzito, lakini dhanio linalokubali upande mmoja tu wa mizani halifai kuitwa dhanio la kihistoria.

7.0 Wanaosahauliwa na Dhanio

Swali la Unyamwezi bila Mirambo lina hatari ya kuwafanya watu wengine wote kuwa uwanja wa mchezo wake. Vyanzo vinaizidisha hatari hiyo. Barua za Southon, vitabu vya Stanley na taarifa za Kirk zinamzungumzia Mirambo kwa urefu kwa sababu alisimama katika njia yao. Mtemi aliyewaacha wapite kwa amani alipata mistari michache, au hakupata hata mmoja. Kwa hiyo sehemu ya ukubwa wa Mirambo katika maandishi inatokana na mwelekeo wa misafara, si na mwelekeo wa maisha ya Wanyamwezi. Wasomi wa baada ya uhuru, wakiwemo John B. Kabeya aliyeandika habari za Mirambo kwa Kiswahili na Norman Bennett aliyechapisha utafiti wake mwaka 1971, walirekebisha mengi, hasa dharau ya wakoloni waliomwita jambazi. Lakini marekebisho hayo nayo yalibaki ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Kwa mkulima wa Ulyankulu, swali lilikuwa jingine. Vita vilivyoifunga njia vilimfunga naye katika kijiji chenye ua wa miti mikubwa, mbali na shamba lake la zamani. Mwanawe aliweza kuchukuliwa kuwa rugaruga, na binti yake aliweza kutekwa na upande wowote kati ya pande mbili. Mpagazi aliyetegemea safari ya kiangazi kwenda Bagamoyo alipoteza msimu mzima pale njia ilipozuiwa. Jina Mirambo, lenye maana ya maiti, halikupambwa na wamisionari. Lilitoka katika lugha ya waliomwogopa na waliomsifu pamoja. Kwa watu hawa, Unyamwezi bila Mirambo ungekuwa bado Unyamwezi wa vita, kama sehemu ya tatu ilivyoonyesha, lakini si lazima ungekuwa na vita vilevile, mahali palepale na kwa muda uleule. Tofauti hiyo, ambayo katika vitabu ni ndogo, kwa familia moja ilikuwa tofauti kati ya kubaki na kupotea.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeuliza historia ya magharibi mwa Tanzania ingekuwaje bila Mirambo, na imepata majibu matatu yasiyofanana. Vita vya kugombea hongo na njia vingetokea, kwa kuwa vilizaliwa na biashara ya pembe za ndovu, magobori na vijana wasio na kwao. Mnywa Sele, Nyungu, Msiri na Isike ni ushahidi. Kufungwa kwa njia ya Ujiji mwaka 1871, kuinuka kwa Urambo kama nguvu iliyo nje ya Tabora na siasa ya kuwatumia wageni kwa wageni visingetokea kwa namna ile, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na mahali pale na fikra zile. Kuanguka kwa Unyamwezi mikononi mwa Wajerumani kungetokea kwa vyovyote, ingawa kwa njia na tarehe tofauti.

Somo la jumla linahusu namna ya kumpima kiongozi. Historia ya taifa hupenda kumpima kwa alichokifanya akiwa hai, na ndiyo maana shule ya sekondari na kambi ya jeshi mjini Tabora zinabeba jina la mtemi huyu, wakati Nyungu na Mgalula wanajulikana na wachache. Kipimo kilichotumika hapa ni kigumu zaidi: mwondoe mtu, kisha utazame kilichobaki kimesimama. Kwa kipimo hicho Mirambo anabaki kuwa mtu mkubwa aliyeacha dola ndogo, na Nyungu, ambaye wasafiri hawakumwandika sana, anaonekana kuwa mjenzi wa dola kuliko alivyodhaniwa. Kiwele, wiki chache baada ya kifo cha Nyungu, watwale walikuwa bado wakipokea pembe kwa niaba ya Mgalula. Urambo, katika wiki hizohizo, kila mtemi alikuwa akipima umbali uliopo kati yake na Mpandoshalo.